Kuagana Kule Korosko

Wazee husema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini yuko rafiki ambaye ataka sana kukufaa, nguvu anazo, tena yu karibu nawe, ila amri ya wakubwa wake imemzuia. Huzuni ya mtu wa namna hiyo haisemwi sana katika methali. Ndiyo iliyompata Jenerali Gerald Graham, ofisa wa Kikosi cha Wahandisi wa Kifalme cha Uingereza, kwa ajili ya mwenzake Charles Gordon, ambaye watu wengi humjua kwa jina la Gordon wa Khartoum.

Askari wahandisi ni watu wa kazi kabla ya kuwa watu wa vita. Wao ndio wajengao madaraja na barabara, wachimbao mahandaki, wapimao nchi na kuchora ramani, na kuvunja ngome za adui. Neno la kikosi chao ni la Kilatini, na maana yake ni "Kila mahali". Zamani zile, katika vikosi vingi vya Uingereza, mtoto wa tajiri aliweza kununua cheo cha uofisa kwa fedha, kama mtu anunuavyo shamba. Kwa wahandisi haikuwa hivyo. Kijana alipaswa kusoma katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, karibu na London, na kufaulu katika masomo yake, ndipo apewe hati ya uofisa. Kisha alipelekwa Chatham kujifunza kazi yenyewe. Kwa hiyo maofisa wa kikosi hicho walijuana kama watu waliotoka katika nyumba moja.

Graham alipata hati yake mwezi wa Juni, mwaka wa 1850. Gordon alipata yake mwezi wa Juni, mwaka wa 1852, baada ya kucheleweshwa kwa kosa lake mwenyewe. Alikuwa kijana mwenye hasira za haraka, na siku moja alimpiga mwanafunzi mdogo kwa brashi ya nywele. Wakubwa wa chuo wakamrudisha nyuma. Baba yake alikuwa ofisa wa mizinga, lakini Gordon alipomaliza masomo aliingia katika wahandisi. Kwa kuwatazama, vijana hawa wawili hawakufanana hata kidogo. Graham alikuwa mrefu kama mnazi, mpole, asiyesema sana. Gordon alikuwa mfupi na mwepesi, mwenye macho makali, naye hakuweza kukaa kimya mahali palipokuwa na neno la kusemwa.

Vita vya Krimea, ambavyo Waingereza na Wafaransa walipigana na Warusi, vilifungamanisha maisha yao. Gordon alifika huko siku ya kwanza ya mwaka wa 1855, katika baridi kali, na wote wawili wakafanya kazi katika mahandaki mbele ya mji wa Sevastopol. Tarehe 18 Juni mwaka ule Waingereza walijaribu kuiteka ngome iliyoitwa Redan. Graham aliongoza watu waliobeba ngazi za kupandia ukuta, chini ya mvua ya risasi. Shambulio lile lilishindwa, lakini kwa ushujaa wake siku ile, na kwa kutoka tena na tena kuwachukua majeruhi waliolala mbele ya mahandaki, alipewa nishani ya Victoria Cross. Miaka mitano baadaye wote wawili walitumwa China. Graham alijeruhiwa katika kuziteka ngome za Taku, na Gordon alibaki huko akapata sifa kubwa kwa kuliongoza jeshi la Wachina katika miaka ya 1863 na 1864.

Baada ya hapo njia zao zilitengana. Mwaka wa 1874 Gordon aliingia katika kazi ya Khedive wa Misri, akawa gavana wa jimbo la Ikweta, kusini ya Sudan, na baadaye gavana wa Sudan nzima. Alipambana na biashara ya watumwa. Ni kwa shauri lake kwamba Khedive alituma merikebu kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka wa 1875, zikaingia Barawa na Kismayu. Gordon alitaka njia fupi kutoka bahari ya Hindi mpaka maziwa makuu, maana njia ya mto Naili ilikuwa ndefu na yenye magugu. Lakini nchi ile ilikuwa ya Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja; Waingereza wakamtetea, na merikebu zikarudi zilikotoka.

Mwaka wa 1881 Muhammad Ahmad, mtu wa dini, alijitangaza kuwa ndiye Mahdi, na watu wengi wa Sudan waliochoshwa na kodi na dhuluma za maofisa wa Misri wakamfuata. Mwezi wa Novemba 1883 waliliangamiza jeshi la Misri lililoongozwa na Mwingereza, Hicks. Serikali ya Uingereza ikaamua kwamba askari na watumishi wa Misri waondolewe Sudan, nayo ikamtuma Gordon.

Gordon alipofika Cairo mwezi wa Januari 1884 alimkuta rafiki yake Graham, ambaye sasa alikuwa Jenerali katika jeshi la Waingereza nchini Misri. Graham aliomba ruhusa ya kumsindikiza. Wakapanda mto Naili pamoja mpaka Korosko, mahali ambapo njia ya ngamia huuacha mto na kukata jangwa zaidi ya maili 200 mpaka Abu Hamed. Mapema mwezi wa Februari Gordon alipanda ngamia wake pamoja na Kanali Stewart, msaidizi wake. Graham akafuatana nao kipande cha njia, kama ilivyo desturi ya kumtoa mgeni, kisha wakaagana.

Baadaye Graham aliandika habari za siku ile. Alisema kwamba baada ya kuagana alipanda kilima kirefu kuliko vyote vilivyokuwa karibu, akasimama kuutazama ule msafara mdogo ukipita katika bonde la mchanga. Alitumaini kwamba Gordon angegeuka nyuma, apate kumpungia mkono mara moja tena. Gordon hakugeuka. Akaendelea mpaka akazunguka nyuma ya kilima cheusi, asionekane tena. Hapo Graham akaingiwa na hofu moyoni kwamba hatamwona tena katika maisha haya.

Wiki chache tu zilipita, Graham akapewa jeshi na kupelekwa Suakin, bandari ya Sudan katika bahari ya Shamu. Huko alipigana na watu wa Osman Digna, Februari 29 kule El Teb na Machi 13 kule Tamai, akashinda mara zote mbili. Kutoka Suakin mpaka Berber, mji ulio kando ya Naili kwenye njia ya Khartoum, ni maili kama 240. Gordon alikuwa Khartoum, na siku zile zile waya wa simu ulikuwa ukikatwa nyuma yake. Graham aliamini kwamba askari wachache wapanda farasi wangeweza kufika Berber na kuifungua njia. Serikali ikakataa. Jua lilikuwa kali, visima vilikuwa vichache, na mawaziri wa London waliogopa kuvutwa katika vita ambavyo hawakuvitaka. Jeshi likaamriwa kupanda merikebu na kuondoka. Mwezi wa Mei mji wa Berber ulianguka mikononi mwa watu wa Mahdi.

Ofisa alipopokea hati yake alikubali kutii. Hati ile haikusema kwamba atii pale tu moyo wake unapokubali. Graham alitii. Alikuwa amefika karibu na rafiki yake, na yeye ndiye aliyepaswa kumpa kisogo.

Ni haki kusema pia kwamba Gordon mwenyewe hakukosa sehemu yake katika yaliyompata. Alitumwa kuwaondoa watu, naye alipofika aliona hawezi kuwaacha waliomtegemea, akajenga maboma na kubaki. Wengine humsifu kwa hilo, na wengine husema kwamba ofisa aliyetumwa kufunga duka hana ruhusa ya kulifungua upya. Yeye naye alikuwa na hati kama ya Graham. Mmoja alitii kwa uchungu, na mwingine aliifuata dhamiri yake.

Jeshi la kumwokoa Gordon halikukubaliwa mpaka mwezi wa Agosti, nalo likaja polepole kwa njia ya Naili. Watu waliokuwa katika meli ndogo za kwanza walikuwa chini ya Sir Charles Wilson, ambaye naye alikuwa mhandisi, mwenye hati ya mwaka wa 1855. Waliiona Khartoum tarehe 28 Januari 1885. Walitazama juu ya nyumba ya gavana wakitafuta bendera, wasiione. Mji ulikuwa umeanguka siku mbili kabla, tarehe 26, baada ya kuzingirwa siku 317, na Gordon alikuwa amekwisha kuuawa, pamoja na maelfu ya wenyeji na askari wa Misri na wa Sudan ambao majina yao hayakuandikwa po pote. Siku ile meli zilipofika ndiyo ambayo Gordon angetimiza miaka 52.

Mwezi wa Machi 1885 Graham alirudishwa Suakin, safari hii akiwa na askari wapatao 13,000, na kazi yake ilikuwa kulinda ujenzi wa reli ya kwenda Berber. Njia aliyonyimwa alipokuwa na rafiki wa kuokoa, alipewa wakati rafiki alipokuwa amekufa. Zililazwa maili kama 20 tu, kisha serikali ikabadili shauri, reli ikaachwa jangwani.

Wahandisi hawakumsahau mwenzao. Huko Chatham, mahali maofisa vijana wanapojifunza kazi yao, waliweka sanamu ya Gordon amepanda ngamia, nayo ilifunuliwa mwaka wa 1890. Mhandisi mwingine, Kitchener, aliyepata hati yake mwaka wa 1871, aliongoza jeshi la kurudi Sudan. Reli yake ya kukata jangwa kutoka Wadi Halfa ilifika Abu Hamed Oktoba 1897, pale pale ambapo ngamia wa Gordon walikuwa wametoka jangwani. Mjenzi wake alikuwa Percy Girouard, mhandisi kutoka Kanada. Huyu ndiye aliyekuja kuwa Gavana wa nchi ya Kenya tangu 1909 mpaka 1912, na Wamasai wanamkumbuka kwa kuhamishwa kutoka Laikipia. Tarehe 4 Septemba 1898, siku mbili baada ya vita vya Omdurman, Kitchener na maofisa wake walisimama mbele ya magofu ya nyumba ya gavana, wakasoma sala kwa ajili ya Gordon. Walioshuhudia walisema kwamba Kitchener, mtu ambaye hakujulikana kwa huruma, alitokwa na machozi.

Lakini watu wa Sudan nao wana wafu wao. Kule Omdurman waliuawa zaidi ya watu wao 10,000 kwa asubuhi moja, na kuba la kaburi la Mahdi likabomolewa. Kuba lile limejengwa upya mwaka wa 1947. Mfano wa sanamu ya Chatham uliwekwa Khartoum, na baada ya Sudan kupata uhuru mwaka wa 1956 uliondolewa, ukapelekwa kwenye shule yenye jina la Gordon nchini Uingereza. Hakuna cha kushangaza hapo. Kila nyumba hutunza makaburi yake yenyewe.

Hata Kenya ina alama ya habari hizi. Mwaka wa 1878 Gordon alimweka Emin Pasha kuwa gavana wa jimbo la Ikweta. Khartoum ilipoanguka, Emin na askari wake walikatiwa njia. Mwaka wa 1891 Lugard aliwachukua wengi wa askari hao, wakaingia katika kazi ya Waingereza Uganda, na baadaye katika King's African Rifles. Wengine walipewa mahali pa kukaa Kibera, Nairobi, na Wanubi wa Kibera ni wajukuu wao.

Graham alifariki tarehe 17 Desemba 1899, huko Bideford, Uingereza, baada ya kuona jina la mwenzake likichongwa katika mawe na shaba. Sanamu ni jambo jema, na sala ni jambo jema zaidi. Lakini askari wachache wapanda farasi katika mwezi wa Machi 1884 huenda wangalifaa kuliko sanamu zote mbili. Msomaji mwenye ndugu mgonjwa, au jirani aliyekwama, au mwenzake wa kazi aliyeandika barua ya kuomba msaada, asingoje mpaka wakati wa kuchanga fedha za kaburi. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.