MAABARA YA BAHARI: FAIDA YAKE IFIKE DIKONI

Wazee wetu walisema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Walisema kweli kwa zama zao. Leo wako wanaogaagaa na upwa tangu maji kupwa hata kujaa, na wali wao ni mkavu. Si kwa uvivu wao, bali bahari imebadilika, na khabari ya mabadiliko hayo huwafikia kwa kuchelewa.

Kila yanapozungumzwa maendeleo ya bahari yetu, hutajwa kupanuliwa kwa maabara za utafiti. Sisi hatulipingi jambo hilo, twaliunga mkono. Utafiti wa bahari si mgeni Unguja: kituo cha Afrika Mashariki cha utafiti wa uvuvi kilikuwapo hapa tangu miaka ya 1950, na mwaka 1978 mahali pake pakashikwa na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo sasa ina majengo mapya Buyu. Lakini twauliza: maabara hupanuliwa kwa faida ya nani?

Tuutazame mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, na wengi wa wakulima wake ni mama zetu na dada zetu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii, mwani wenye bei nzuri, ulianza kufa: matawi yakawa meupe, yakalainika, yakakatika. Watafiti wa Taasisi hiyo, akiwamo Dkt. Flower Msuya, walichunguza, wakaona kwamba maji ya kina kifupi yamezidi joto, wakajaribu pamoja na wakulima kupanda katika kina kirefu zaidi. Jawabu hilo ni jema. Lakini kina kirefu chataka boti na kujua kuogelea, na wengi katika mama zetu hawana boti wala hawakufunzwa kuogelea. Basi jawabu limepatikana, na mwenye haja nalo hawezi kulifikia.

Tuitazame na Pemba. Mwezi wa Novemba 2021 watu saba walifariki huko kwa kula nyama ya kasa. Mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa Panza, wakafariki watoto wanane na mtu mzima mmoja kwa sababu hiyo hiyo. Vipimo vya maabara vikathibitisha kuwa wote walikula kasa. Lakini watu walikuwa wamekwisha kufa. Sumu ile haiondoki kwa kupikwa, na watoto ndio inaowadhuru zaidi. Maneno haya machache, lau yangelikuwa yamekaa katika kila nyumba baada ya msiba wa kwanza, huenda msiba wa pili usingetokea.

Kwa hivyo twataka mambo matatu. Kwanza, upanuzi usiishie Unguja. Pemba imekwisha kuonyesha kuwa yaweza: maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, huko Wawi, yafanya kazi tangu mwaka 2000. Pili, kuta si maabara. Hadubini isiyo na fundi, friji isiyo na umeme wa hakika, na boti isiyo na mafuta ni mapambo tu. Fedha za kuendesha zitengwe pamoja na fedha za kujenga. Tatu, kila utafiti urejeshwe kwa Kiswahili fasaha kwenye diko na shehia ulikofanywa, usomwe barazani, na wavuvi na wakulima wapewe nafasi ya kuuliza na kujibiwa.

Nanyi wanachama wenzetu, msingojee kuitwa. Waulizeni wawakilishi wenu mambo haya matatu kila wanapokuja kwenu. Bahari ndiyo shamba letu lililobaki, na mwenye shamba ana haki ya kujua kinachoua mazao yake.