Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kila sifa njema zinamstahikia Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyeitandaza ardhi na kuipitishia mito. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, likizo ya mwisho wa mwaka inakaribia, na katika nyumba nyingi shauri la safari limeshaanza. Kwenye simu za watoto wetu zinazunguka picha za visiwa vya Bahari ya Mediterania: mashua nyeupe, majabali na vighuba vyenye maji ya buluu. Wanauliza, “Na sisi tutakwenda lini?” Baba hunyamaza, na mama hugeuza mazungumzo. Hatuoni ubaya katika kutamani huko. Mola wetu, katika Suratul-Ankabut, ametuamuru tutembee katika ardhi tutazame jinsi alivyoanzisha uumbaji, na kuitii amri hiyo hakuhitaji pasipoti. Wiki hii, tukiwa hapa Nakuru, twapenda kuwaelekeza kwenye kisiwa na vighuba vilivyo ndani ya nchi yetu, katika Ziwa Baringo, na kuwakumbusha deni la zamani ambalo sisi watu wa pwani tunalo huko.

Kutoka Nakuru hadi Kampi ya Samaki, mji mdogo ulio ufuoni magharibi mwa ziwa, ni mwendo wa kilomita 120 hivi. Njia huteremka kupitia Mogotio, inapokatwa na mstari wa ikweta, kisha Marigat. Nakuru ipo takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Baringo takriban mita 1,000. Kwa hivyo sweta mliyoivaa alfajiri mtaivua kabla ya adhuhuri, na usiku mtahitaji chandarua, kwani mbu wa huko huleta malaria. Anayetoka pwani atalihisi joto lile kama la kwao.

Mashua huondoka asubuhi, maji yakiwa yametulia. Alasiri upepo huinuka na ziwa hubadilika tabia. Maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi, ingawa ziwa halina mto wa kutokea unaoonekana. Hunywea chini ya ardhi kupitia miamba iliyopasuka. Rangi yake si buluu ile ya picha. Ni ya udongo, kwa sababu mito huleta mchanga wa milimani. Lakini mashua inapoambaa na ufuo, kila kighuba kina lake: hapa jabali jeusi la volkeno, pale matete ambamo viboko wamezama wakabakisha macho na masikio, mbele mamba akiota jua, na juu ya mti mkavu tai mla samaki akingoja riziki yake. Aina za ndege zilizoorodheshwa katika eneo hili zinapita 400. Katikati kuna visiwa, na kikubwa chao ni Ol Kokwe, mlima wa volkeno uliozimika, ambamo chemchemi za maji moto bado zinatoa mvuke baina ya mawe. Wanaishi watu humo, na mbuzi wao.

Wenyeji hao ni Il Chamus, ambao vitabu vya zamani viliwaita Njemps. Mtawaona wavuvi wao katika vihori vilivyofungwa kwa vijiti vya mti mwepesi unaoelea kama boya, mtu mmoja katika kila kimoja, miguu karibu na maji, akipiga makafi mawili madogo kwa mikono.

Sasa tuwaeleze lile deni. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani yetu ilipita Bonde la Ufa kutafuta pembe za ndovu kaskazini. Baada ya siku nyingi za nyika na kiu, kituo chao kikuu kilikuwa Njemps, kusini mwa ziwa hili. Mwaka 1883 ulifika hapo msafara wa Mskochi Joseph Thomson ulioanzia upande wa Mombasa, naye alisafiri na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani ambaye miaka michache baadaye alifuatana pia na Count Teleki. Majina ya Wazungu ndiyo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, lakini waliobeba mizigo na waliozijua njia wengi wao walikuwa watu wa pwani. Kilichowapa uhai hapo Njemps ni nafaka ya Il Chamus, ambao walikuwa wamechimba mifereji kutoka mitoni, wakanywesha mashamba ya mtama na wimbi katika nchi kavu. Misafara ilinunua chakula hicho, ikapumzisha wapagazi, ndipo ikaendelea. Basi msomaji ambaye babu yake alikuwa mpagazi au mfanyabiashara wa zama zile, huenda damu yake imepita katika chakula cha watu hawa. Sisi si wageni wapya Baringo. Ni wageni wa miaka mingi waliosahau kurudi kusema ahsante.

Na tukirudi leo, tutawakuta wenyeji wetu katika mtihani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu walihofia kwamba ziwa hili, lililokuwa limejaa mchanga na kupungua kina, lingekauka. Tangu mwaka 2010 mambo yaligeuka. Maji yalipanda Baringo, Bogoria, Nakuru na Naivasha, yakapanda tena kwa nguvu mwaka 2020. Ziwa Baringo, ambalo zamani lilikadiriwa kuwa na eneo la kilomita za mraba 130 hivi, limepita mbali kipimo hicho. Hapa Nakuru lango kuu la hifadhi ya taifa lilizama, na migunga ikafa imesimama majini. Kule Baringo zilizama nyumba, malisho, shule, zahanati, hoteli na makaburi. Ripoti ya Serikali ya Kenya na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 ilitaja kaya zaidi ya 75,000 zilizoathirika katika kaunti mbalimbali, na ikataja mvua iliyozidi kuwa sababu kubwa, pamoja na udongo unaosombwa kutoka milima iliyokatwa miti.

Kwa hivyo, ndugu zetu, kile kighuba kizuri ambamo mashua itaingia polepole ili mpige picha, yamkini miaka 15 iliyopita kilikuwa ua wa nyumba ya mtu. Paa la bati linalochungulia majini ni la nyumba iliyojengwa kwa fedha za mbuzi waliouzwa mmoja mmoja. Nahodha anayewatembeza huenda anapita juu ya darasa alilosomea.

Tumesikia wengine wakisema, hata katika baraza zetu, kwamba mafuriko hayo ni adhabu iliyowashukia watu wa kule. Neno hilo ni zito na hatuna idhini ya kulisema. Nani alitupa sisi habari za ghaibu? Mtume wetu (s.a.w.) amefundisha kwamba Muislamu anayekufa kwa kuzama ana daraja ya shahidi, angekuwa kila anayefikiwa na maji ni mwenye kughadhibikiwa, mafundisho hayo yangekuwa na maana gani? Wenzetu wa Mto Tana wanapohamishwa na mafuriko hatusemi ni adhabu. Tunakusanya unga na mablanketi. Basi mizani iwe moja. Msiba wa mtu ni mtihani kwake, na ni mtihani pia kwa anayeutazama.

Je, ni bora tusiende, tusije tukastarehe juu ya machozi ya wengine? Hapana. Wazee wetu walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Mvuvi aliyepoteza shamba amebakiwa na mashua, na mashua bila abiria haimlishi. Nendeni, ila nendeni kwa adabu ya mgeni, nasi twataja machache.

Kwanza, patana na nahodha ujira na muda kabla hujapanda, kwani sharti la ijara ni malipo yajulikane. Wala usimkandamize kwa kuwa umemwona ana shida. Pili, kila mtoto na kila mtu mzima avae jaketi la kuokoa maisha, na kina mama walivae juu ya buibui, wakae katikati ya mashua, wasiache nguo ipeperuke karibu na mashine. Asiye na majaketi ya kutosha, mwacheni mtafute mwingine. Tatu, sisi wa pwani tumezoea kujitosa majini na kutawadha ufuoni. Huko msithubutu. Mamba na kiboko hawana ujamaa na mtu. Tekeni maji ya bomba kwa ndoo, mtawadhe mbali na ukingo. Nne, msisahau sala. Katika madhehebu ya Imam Shafi, msafiri wa masafa haya asiyenuia kukaa siku 4 kamili, ukiondoa ya kuingia na ya kutoka, ameruhusiwa kupunguza na kukusanya. Ruhusa hiyo ni zawadi, msiigeuze kuwa kisingizio cha kuziacha.

Tano, nunueni kwao. Samaki hana mas'ala ya kuchinjwa, na asali ya Baringo ina sifa nchi nzima. Mkitaka kutoa sadaka, msiwarushie watoto peremende na sarafu kutoka mashuani kama wanaolisha ndege. Ulizeni mwalimu au mzee wa kijiji, mkampe mkononi. Na msimpige mtu picha, wala nyumba yake iliyozama, kabla ya kuomba ruhusa.

La mwisho ndilo tunalolipenda zaidi. Mashua ikitulia kighubani, mwambieni mtoto wenu amwamkie nahodha kwa heshima, kisha amuulize: “Hapa, kabla ya maji, palikuwa na nini?” Halafu nyamazeni wote, mumsikilize. Mtoto atakayeyasikia majibu hayo atajifunza jiografia ambayo hakuna picha ya Mediterania itakayomfundisha, na atajua kwamba uzuri wa mahali hauondoi haki ya waliopoteza mahali hapo.

Tunamuomba Allah awape subira na badali njema wote waliohamishwa na maji, azilinde safari zenu, awarejeshe salama majumbani, na atujaalie kuwa wageni ambao wenyeji hufurahi wanapokuja na huwakumbuka kwa heri wanapoondoka. Amin.

Wabillahi tawfiq.