Mapapai ya Beni: mali isiachwe ioze shambani

Katika mashamba ya Beni, jimboni Kivu Kaskazini, kazi ya papai huanza mapema asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mkulima huchanja ngozi ya papai bichi kwa kina cha milimita 2 hivi, na maziwa meupe hudondokea kwenye kitambaa au plastiki iliyofungwa kuzunguka mti. Yakikaushwa, maziwa hayo hutoa papaini, unga unaolainisha nyama, unaosafisha bia na unaotiwa katika vidonge vya kusaidia tumbo kusaga chakula. Tangu wakati wa Zaire nchi hii inajulikana duniani kwa biashara hiyo.

Lakini mali hii hupotea kwa urahisi, na hupotea mara mbili.

Kwanza ni maziwa yenyewe. Sehemu kubwa yake ni maji: karibu kilo 5 za maziwa mabichi hutoa kilo 1 tu ya makavu. Kisu cha chuma cha kawaida, jua, vumbi au kuchelewa kukausha hupunguza nguvu yake na kuyageuza rangi kuwa kahawia. Moto mwingi wakati wa kukausha nao huua kile kile anachotafuta mnunuzi. Joto linafaa libaki kwenye nyuzi 55 hivi. Kiwandani hawaangalii uzito peke yake, wanapima nguvu.

Pili ni tunda. Papai lililochanjwa hubaki na makovu, na sokoni wateja hulipita. Hata hivyo nyama yake ni nzima na inalika. Huko India, papai bichi hukatwa vipande vidogo, hupikwa na sukari na kutiwa ndani ya keki. Papai pia hutoa pekitini, kigandishi cha jamu na cha zile pipi laini za vitamini zinazouzwa Ulaya na Marekani. Pekitini inahitaji kiwanda. Jamu inahitaji sufuria, sukari na chupa safi. Likikosa njia zote hizo, nguruwe watalila.

Wengine watajibu kwamba shida ya Beni ni vita, siyo visu. Ni kweli kwamba mashambulio ya ADF yameua wakaaji na kufukuza wengi mashambani. Lakini mtu anayehatarisha maisha yake ili afike shambani hastahili kurudi na maziwa yatakayokataliwa kwenye mzani.

Mzigo huu usiachiwe mkulima peke yake. Wanunuzi wamkopeshe visu visivyoshika kutu na vitambaa safi, walipwe kidogo kidogo kwa mavuno, na wakusanye maziwa siku ile ile. Wamwonyeshe pia matokeo ya kipimo, badala ya kumtajia bei tu. OCC na ONAPAC, zinazosimamia ubora wa mazao yanayouzwa nje, zitume mafundi vijijini, zisisubiri mzigo ufike mpakani. Na vyama vya ushirika vianze na jamu, maana soko lake liko hapa hapa Beni na Butembo.

Usalama hautapatikana kwa siku moja. Kisu kisichoshika kutu kinaweza kufika shambani msimu huu.