Simu mpya isikuponze bahari ya Diani

Kama unapiga hesabu ya kuacha Samsung Galaxy S23 uchukue S24, skiza kwanza. S24, iliyotoka Januari 2024, imeongezwa betri kidogo tu: kutoka 3,900mAh hadi 4,000mAh. Kamera kuu bado ni megapikseli 50. Faida kubwa ni masasisho ya usalama: miaka 7, S23 ikiwa na 5.

Lakini wewe wa Diani au Msambweni, alama ya IP68 isikuhadae. Maana yake ni maji yasiyo na chumvi, kina cha mita 1.5, dakika 30. Samsung yenyewe haishauri kuitumia ufuoni wala kwenye bwawa la kuogelea. Chumvi hula tundu la chaja. Na deni la simu iliyokufa bado utalilipa.