Uthibitisho hausubiri vigawo

Makala iliyodai kwamba hatuna haki ya kuiita namba "isiyo tasa" kabla ya kuonyesha vigawo vyake imekosea pakubwa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kuwa 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, si tasa, bila kushika kigawo hata kimoja. Vigawo alivionyesha Frank Nelson Cole mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Kwa miaka 27 ya katikati, namba ile haikubadilika chochote.

Kila namba tasa hutimiza masharti fulani ya hesabu. Inayovunja sharti hata moja si tasa, basi. Namba ya Fermat F20, yenye tarakimu 315,653, imevunja, na kigawo chake hakijapatikana. Mwandishi angetaka tuiweke wapi?