Rufaa Si Njia ya Panya

Kila dereva aliyeua mtu barabarani akikata rufaa, wasee mnajaza komenti: "Huyu anataka kutoroka jela." "Doo imeongea." Zii. Mimi napinga.

Kumbukeni Oscar Pistorius. Tarehe 14 Februari 2013, nyumbani kwake Pretoria, Afrika Kusini, alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo. Mpenzi wake, Reeva Steenkamp, akafa. Akajitetea ati alidhani ni mwizi. Mwaka 2014 Jaji Thokozile Masipa akasema haya si mauaji ya makusudi, ni kuua kwa uzembe. Miaka mitano. Baada ya kama mwaka mmoja jamaa akatolewa, akamalizie kifungo kwa nyumba ya anko yake.

Nani alikata rufaa? Upande wa mashtaka! Na Desemba 2015 majaji wa rufaa wakasema jaji alijiuliza swali lisilo lenyewe. Si kama Pistorius alijua ni Reeva yuko pale ndani. Ni kama alijua kuna mtu, awe nani, na kwamba risasi zinaweza kumuua. Uzembe ukageuka mauaji. Akapewa miaka sita, serikali ikakata rufaa tena, na 2017 ikafika miaka 13 na miezi mitano.

Manze, hiyo ni njia ya panya ya nani?

Rufaa ni kisu chenye makali pande mbili. Hata hapa Kenya, ukilalamikia kifungo, jaji anaweza kukiongeza. Na inafaa kuwepo, kwa sababu kati ya ajali tupu na uzembe wa jinai mpaka ni mwembamba. Kuna aliyepasukiwa na tairi ghafla, na kuna aliyejua breki ni mbovu na bado akabeba watu. Hakimu ni binadamu, anaweza kuwachanganya hao wawili. Akikosea, aliyekufa pia amekosewa.

Kama una hasira, ielekeze hapa: ukihukumiwa na hakimu, una siku 14 tu za kupeleka rufaa Mahakama Kuu. Mwenye pesa, wakili wake anaanza kuandika jioni hiyo hiyo. Msee wa boda, siku 14 zinaisha akiwa ndani, mamake bado anauliza ofisi ni gani. Ndiyo, korti inaweza kuongeza muda ukiwa na sababu nzuri, lakini nani alimwambia?

Leo unatukana rufaa. Kesho ni brathako kizimbani. Siku 14. Zishike.