Kilele cha Ujamaa ni cha Nani?

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Lakini wako binadamu ambao ni nadra kukutana nao mlimani, nao ni Watanzania wenzangu. Tumekubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba kupanda mlima ni mchezo wa Wazungu. Kauli hiyo nimeisikia ofisini, nimeisikia kwenye daladala, na kila inaposemwa watu hucheka. Mimi sicheki.

Chukua Mlima Meru. Kwenye ramani kilele chake, chenye kimo cha zaidi ya mita 4,560, kimeandikwa Socialist Peak, yaani Kilele cha Ujamaa. Basi tujiulize: huo ujamaa ni wa nani, ikiwa mtu anazaliwa Arusha, anasoma Arusha na kuzeeka Arusha, na mlima wenyewe anauona kwa mbali tu?

Nimeupanda, na niliyoyaona nayasema. Katika kibanda cha Saddle, karibu mita 3,570, tulilala watu wengi. Waliokuja kutembea kwa hiari yao walikuwa wageni, isipokuwa mimi. Wananchi wengine wote walikuwa kazini: wapagazi, wapishi, waongozaji, na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati na tembo. Kijana mmoja mpagazi alinisalimu, "Shikamoo mzee," kisha akaniuliza nafanya kazi na kampuni gani. Nilipomjibu kwamba nimekuja kutembea tu, alinitazama kwa mshangao. Naye nilimwuliza kama amefika kileleni. "Bado mzee. Sisi mzigo wetu unaishia hapa."

Nawaomba wasomaji wayapime maneno hayo. Kijana anaijua njia kuliko mimi, ana mapafu na miguu kuliko mimi, lakini mlima kwake unaishia pale mzigo unapotuliwa.

Tuliondoka usiku wa manane. Njia hufuata ukingo wa kreta. Kushoto mwamba umekatika ghafla kwenda chini kabisa, ambako kilima cha majivu kimesimama katikati ya kreta. Kulia ni mteremko wa majivu na kokoto. Kuna mahali miguu peke yake haitoshi. Unashika jiwe, unalitikisa kwanza, ndipo unalipa uzito wako. Hapo "mwenda pole hajikwai" si methali ya kuandika ubaoni, ni sharti la kurudi nyumbani. Kulipopambazuka, Kilimanjaro ulikuwa ng'ambo, juu ya mawingu. Nilikaa juu ya jiwe nikiitazama nchi yangu, na nikaona aibu kwamba waliokuwa wakiitazama pamoja nami karibu wote walikuwa wametoka ng'ambo.

Wapo watakaosema ni ghali. Ni kweli, nauli, nguo za baridi na chakula vina gharama. Lakini kiingilio cha hifadhi kwa mwananchi ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni, na fedha tunazochangishana kwa harusi moja zingewapeleka vijana wengi mlimani. Wapo watakaosema kule juu hakuna kitu. Je, maji yanayonywesha migomba na kahawa ya Wameru na Waarusha yanatoka wapi, kama si kwenye misitu ya mlima huo? Mtu hawezi kuulinda msitu anaoujua kwa jina tu. Na watakaosema si utamaduni wetu, nawakumbusha kwamba usiku wa Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliisimamisha bendera yetu na mwenge kileleni Kilimanjaro. Hatukuona wakati ule kwamba mlima ni wa Wazungu. Tuliona ndipo mahali pa kutangazia kwamba tuko huru.

Sisemi watu wakurupuke. Mlima una baridi kali na hewa nyepesi, na ukingo ule hausamehi mzaha. Mwongozaji ni lazima, na mwenye kuumwa kichwa sana ashuke bila kuona haya.

Ninachodai ni vitu viwili. Shule za Arusha ziwapeleke wanafunzi angalau hadi Miriakamba, kibanda cha kwanza, wakalale huko usiku mmoja na kuuona msitu unaowapa maji. Na kila mwenye kampuni ya kupandisha watalii ampe kila mpagazi wake, walau mara moja, siku ya kupanda hadi juu bila mzigo kichwani, na siku hiyo amlipe ujira wake kama kawaida. Hadi hapo, jina lile kwenye ramani ni deni, na wanaodai ni wale wanaolala Saddle wakati wageni wao wanakwenda kileleni.